Randa ya Fili Juni

Hadithi yangu ya leo ina mlango mmoja tu, wa kuingilia. Wa kutokea mtautoboa wenyewe, kwa hiyo msisinzie.

Palikuwa na binamu watatu, wajukuu wa bibi mmoja, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake. Ndeonasia wa Usa River alikuwa na sikio. Ukimsimulia jambo hakukatizi, na mwaka wa pili atakurudishia maneno yako pamoja na kikohozi ulichokohoa katikati. Godlisteni, karani wa usharika, alikuwa na jicho. Hati ya mkono iliyofifia, ambayo mimi na wewe tungeiona ni njia ya sisimizi, yeye aliisoma. Aminieli, fundi simu kule Mbeya, hakuwa na sikio wala jicho la kusifiwa. Alichokuwa nacho ni kutoona haya. Angemwandikia mtu asiyemjua, asijibiwe, na kesho yake akaandika tena kwa adabu ileile.

Bibi yao aliitwa Anasia Fili Juni, wa Meru, mwenye miaka themanini na sita. Mama yake alikuwa Mmeru. Baba yake alikuwa Kaburu, wa kizazi cha wale waliokuja kutoka Afrika Kusini na magari ya ng'ombe, na kazi yake ilikuwa kutengeneza magurudumu. Alikufa kwa homa Anasia akiwa na miaka mitatu, na msibani hakufika ndugu yake hata mmoja. Aliacha randa yake ya kulainishia mbao, basi. Shuleni wenzake Anasia walimwita mtoto wa Kaburu. Alipokuwa mtu mzima waliendelea kumwita hivyo, ila kwa sauti ya chini.

Sikukuu moja ya Pasaka, wajukuu wakiwa wamekusanyika, Bibi aliiweka ile randa mezani kando ya bakuli la loshoro, yale mahindi ya maziwa mgando.

"Nina swali moja," alisema. "Watu wa baba yangu walijua kwamba nipo? Kama walijua wakanyamaza, nitajua. Kama hawakujua, nitawasamehe. Atakayeniletea jibu, randa hii ni yake."

Wote watatu waliitaka. Msiwafanye malaika.

Wakafungua kundi la WhatsApp, na humo wakaanza kupotea kwa pamoja. Walikubaliana kwamba Fili ni Filipo, na Juni ni mwezi aliozaliwa. Kwani kwetu hakuna akina Sikukuu na akina Masika? Miezi saba Aminieli aliuliza mtandaoni habari za Filipo aliyezaliwa Juni. Akaletewa akina Filipo kumi na wanne. Mmoja alikuwa bado hai, na alikasirika.

Basi siku moja Ndeonasia alikuwa akimenya ndizi na Bibi, na Bibi akawa anasimulia siku yake ya kwanza shuleni, akiiga sauti za watu kama kawaida yake.

"Mwalimu akauliza, 'Huyu mtoto wa nani?' Mama akasema, 'Wa Filyuni.' Mwalimu akacheka, akasema, 'Mama, siku hizi hatusemi Yuni, tunasema Juni.' Akaandika."

Ndeonasia akaweka kisu chini. "Bibi, mama yako alisema neno moja au mawili?"

"Mama alisema moja. Mwenye mawili alikuwa mwalimu."

Mmeelewa? Wazee waliosoma kwa Wajerumani walikuwa wakiuita mwezi wa sita Yuni, na mwalimu akadhani anamsahihisha mmoja wao. Mama wa watu alitamka sawasawa, akasahihishwa, na kosa likaingia hadi kwenye kitambulisho. Ndeonasia alimrekodi Bibi akilisema tena, akairusha ile sauti kundini.

Godlisteni aliisikiliza mara mbili, akaenda ofisini kufungua kitabu cha zamani cha ubatizo. Mara tatu alikuwa amekipitia akitafuta herufi F, maana akina Anasia walijaa humo. Sasa akakumbuka kwamba aliyekiandika ni mchungaji wa Kijerumani, na kwa Mjerumani V huweza kusomwa F, na J husomwa Y. Akaanza upya, safari hii akizisikiliza herufi badala ya kuzitazama. Ukurasa wa arobaini na moja akasimama. Viljoen. Jakobus Viljoen, fundi wa magurudumu. Mtoto, Anasia.

Akapiga picha, akaandika kundini: "Nimeupita ukurasa huu mara tatu. Hakuna Filipo. Hakuna Juni."

Ikabaki kazi ya asiyeona haya. Jina lile lilimpeleka Aminieli kwenye kundi la mtandaoni la watu wanaotafuta mababu zao Wahugenoti. Hao walikuwa Waprotestanti wa Ufaransa waliozuiwa kusali kwa namna yao, zaidi ya miaka mia tatu iliyopita. Wakakimbia, wakatawanyika, na baadhi yao walifika Afrika Kusini. Aminieli aliandika, hakuna aliyejibu. Aliandika tena, mtu akamwambia anatafuta urithi. Akamjibu, "Shikamoo mzee. Hatutaki shamba, tunataka jibu la bibi yetu." Mara ya tatu kimya. Mara ya nne akajibiwa na mwalimu mmoja mstaafu aitwaye Hettie, ambaye bibi yake alikuwa dada wa Jakobus. Alituma orodha ya mababu hadi Ufaransa, na mwisho wa orodha, picha ya ukurasa wa Biblia ya ukoo.

Pasaka ikarudi. Bibi aliketi na randa mapajani, na Godlisteni akamsomea kwa tafsiri maneno yaliyoandikwa pembeni mwa ukurasa ule: "Anasia, binti wa kaka yangu Jakobus. Meru. Mungu amtunze."

Jakobus alikuwa amempelekea dada yake barua kabla ya kufa, na huyo dada hakupata njia ya kusafiri. Hettie alisema bibi yake alilitaja jina hilo katika kila sala ya nyumbani, na wao watoto walidhani Anasia ni mji.

"Nisomee tena," alisema Bibi.

Akasomewa mara tatu. Akalia, na hakujificha. Alipomaliza kujifuta alisema, "Miaka yote naitwa Kaburu, kumbe Kaburu mwenyewe ni mkimbizi wa Kifaransa." Akacheka hadi ushungi ukamwanguka.

Halafu ikakumbukwa randa.

"Bila sikio langu mngekuwa bado na akina Filipo," alisema Ndeonasia.

"Sauti haina anwani," alisema Godlisteni. "Jina lilikuwa kitabuni, na aliyelitoa ni mimi."

"Bibi hakuuliza jina," alisema Aminieli. "Aliuliza kama walijua. Jibu nimelileta mimi."

Mjomba mmoja akapendekeza randa wapokezane, kila mtu mwaka. Bibi akamtazama mpaka akarudi kwenye sahani yake. "Nilisema ni ya mmoja," alisema. Kisha, polepole, "Ingawa kuna na yule aliyeniombea maisha yake yote bila kuniona. Na mjukuu wake yupo."

Nimeisimulia hadithi hii mahali pengi. Makarani humpa karani, vijana humpa Aminieli, na wanawake waliowahi kusahihishwa walichosema sawasawa humpa Ndeonasia. Wachache husema ipelekwe kwa Hettie.

Bibi ana miaka themanini na saba. Ameunyoosha mkono, na randa ile ni nzito. Haya, semeni upesi: wewe ungemkabidhi nani?