Mkubwa Yupi?

Wahenga waliposema kuwa manahodha wengi, chombo huenda mrama, hawakuwasemea mabaharia peke yao. Wangekiona kile kituo kidogo cha polisi kando ya soko, wangerudia mara mbili. Askari walikuwa wa kamanda. Gari la kituo na mafuta yake vilikuwa vya mkurugenzi wa mji. Kila mmoja aliapa kuwa bila ruhusa yake gari halitoki.

Katikati yao alikaa sajini mmoja, mtu mzima aliyechoka hadi kwenye kope. Kwa kuwa hakuwahi kumkatalia yeyote, wenzake walimbandika jina la Ndiyo Mkubwa. Alicheka nao, ingawa lilimchoma.

Adhuhuri moja, fundi cherehani wa mtaa wa pili alipiga simu akilia.

"Afande, shemeji yangu anavunja mlango! Anataka nyumba aliyoniachia marehemu mume wangu. Ana rungu!"

"Jifungie chumbani, dada. Tunakuja."

Sajini alitoka mbio hadi kwenye gari. "Washa! Mkubwa hatakataa."

"Mkubwa yupi, afande?" dereva aliuliza. "Mwezi uliopita nilihamishwa kituo kwa kuliamini neno hilo. Hunipati tena."

Sajini akampigia kamanda. "Gari si langu, muulize mkurugenzi." Akampigia mkurugenzi. "Askari si wangu. Kamanda akiwatuma, nitatoa gari." Akarudi kwa kamanda, akazungushwa kama pia, naye kila mara akiitikia, "Ndiyo, mkubwa." Moyo ulimwambia kuwa mtaa wa pili ni mwendo wa miguu tu, lakini miguu nayo ilizoea kungoja amri.

Hatimaye alikata simu akakimbia. Alikuta mlango uko chini, shemeji ametoweka, na fundi ameukumbatia mkono wake wa kulia uliovunjika. Ndio uliokuwa ukilisha watoto wake. Sajini aliona aibu hata ya kumpa pole.

Jioni wakubwa wote wawili walifika kituoni, kila mmoja na gari lake.

"Kwa nini ulichelewa?" kamanda alifoka.

"Na nani alikuruhusu kuacha kituo?" mkurugenzi akadakia.

"Nilimngoja mkubwa."

"Mkubwa yupi?" waliuliza kwa pamoja.

Sajini alimtazama mmoja, kisha mwingine. Fundi, aliyekuwa kwenye benchi akingoja kuandikisha maelezo, mkono umefungwa bendeji, akajibu kwa niaba yake.

"Kumbe mko wengi hivi? Mimi nilihitaji mmoja tu."

Kweli, manahodha wengi, chombo huenda mrama. Na anayezama ni abiria.