Nani Alimfunda Nasra?

Haya, sogeeni. Nina kesi imenikaa kooni na siwezi kuihukumu peke yangu. Anayetaka hadithi ya kulalia aende kwao. Hii ni ya kugombania.

Walikuwepo wanawake watatu mjini Tanga, kila mmoja na kipaji chake, kila mmoja na balaa lake.

Wa kwanza ni Bi Mwanakombo, mwenye mdomo. Redioni akiitwa Bi Tulivu. Kila Alhamisi asubuhi alifundisha ndoa hewani, sauti inateremka sikioni kama mafuta ya nazi ya uvuguvugu. Cheti chake kilikuwa mume wake. "Mimi na Mzee hatujawahi kulala tumenuniana," ndiyo ilikuwa kauli yake, na wanawake wakaichapa kwenye vikombe, wakaitarizi kwenye vijora. Kuna mmoja Chumbageni aliibandika mlangoni mwa choo. Seriously.

Wa pili ni Shemsa, mwenye macho. Ndiye aliyeendesha grupu la wasapu la Mabinti wa Bi Tulivu. Picha ya Bi Tulivu na Mzee wakinywa chai ikitoka, Shemsa anakwambia vitumbua vimetoka kwa nani na kitambaa cha meza kimepigwa pasi au la. Alimwamini yule mama mpaka akadai talaka. Mumewe, Baba Ilham, fundi wa friji, mtu mpole hana neno na mtu, kosa lake ni kwamba hakumletea chai kitandani kama Mzee. Mnacheka? Couple goals hizo! Mtu anaolewa na binadamu halafu anampima kwa picha.

Wa tatu ni Shangazi Kibibi, mwenye masikio. Wali ukianza kuungua nyumba ya tatu, yeye ndiye anayepiga hodi. Anasikia hata neno ambalo mtu amelimeza. Isipokuwa pale asipotaka kusikia.

Na mwali mwenyewe ni Nasra, mtoto wa kaka yake Shangazi Kibibi, mwalimu wa chekechea. Amechumbiwa na Fadhili, muuza vipuri, kijana anayenukia vizuri na kusalimia wazee kwa mikono miwili. Siku moja Nasra alichelewa kutoka kazini. Fadhili akamsubiri aweke mkono kwenye ukingo wa mlango wa gari, kisha akaubamiza. Makusudi. Halafu akamnunulia aiskrimu.

Nasra akamwendea shangazi yake na vidole vimevimba.

"Shangazi, alinitazama kwanza. Ndipo akafunga."

"Mlango tu huo, mwanangu. Upepo wa baharini una nguvu."

Posa ile aliileta Shangazi mwenyewe, basi siku hiyo masikio yakaziba.

Nasra akapiga simu redioni, akaeleza habari za mlango bila kutaja jina. Bi Tulivu akamjibu: "Binti yangu, hata Mzee wangu alikuwa mkali. Nimemlainisha kwa ukimya. Nitazame mimi nilipo leo."

Nasra akamtazama. Akaona chai, vitumbua, tabasamu. Akasema moyoni: yeye kaweza, basi kasoro ni yangu. Sasa hapa ndipo ninapotaka kupasuka. Msichana ana vidole vyake mwenyewe, vinamuuma, anaviona, lakini ushahidi alioupokea ni picha ya mtu mwingine!

Tarehe ikapangwa, sare ikachaguliwa, ikaja kitchen party. Kamati ikamwalika Bi Tulivu awe kungwi wa siku. Hapo sawa. Kisha, kwa akili zao timamu, wakamtaka aje na Mzee. Mwanamume, kwenye shughuli ya wanawake! "Aketi tu pale mbele," alisema mwenyekiti, "mwali amwone mume aliyelainika anafananaje." Na humo kwenye kamati kulikuwa na watu wenye masters.

Bi Tulivu akaja peke yake. Mzee kasafiri, alisema, ila asubuhi wamepiga picha. Ikarushwa ukutani, kubwa kama mlango wa godauni. Vigelegele. Nasra kaketi mkekani, mtandio umemfunika uso, anaichungulia.

Shemsa naye akaitazama. Shangwe ikamkauka mdomoni. Akaomba kipaza sauti.

"Somo yangu, samahani. Huyo nzi ni wa leo?"

Watu wakacheka.

"Siyo mzaha. Nzi huyo, juu ya mkate huo, nilimwona Mfungo Mosi. Leo picha imegeuzwa tu, kulia kumekuwa kushoto. Nzi gani anakaa juu ya mkate toka Idi ndogo mpaka Idi kubwa? Mzee yuko wapi, Bi Tulivu?"

"Mwanangu Shemsa, tuyaongee nyumbani..."

"Nyumba ipi? Yangu niliivunja mimi! Nimemwacha Baba Ilham kwa ajili ya nzi!"

Ukumbi ukalipuka. Tapeli! Mnafiki! Mezani kulikuwa na zawadi za mwali, vyombo vitupu vya jikoni, na akina mama hawakukosa silaha. Mwiko ukapaa. Ukafuata mchujio, kisha bakuli la mchuzi kutoka meza ya chakula. Walewale waliompigia vigelegele sasa hivi.

Bi Tulivu alikuwa karibu na mlango wa nyuma, na gari nje linamsubiri. Angeweza kusema picha imekosewa, wangemwamini, maana walikuwa wanaomba kuamini. Hakutoka. Akasogea katikati ya mkeka na mchuzi wa mtu begani.

"Mzee hayupo," akasema. "Aliondoka, na kabla hajaondoka alinivunja mkono. Niliwaambia nimeteleza bafuni, mkanisomea dua. Ukali wake sikuulainisha. Niliuficha, nikawafundisha na ninyi kuficha."

"Kwa nini hukusema?" mmoja akafoka.

"Nikuambie wewe? Juzi mliniona nanunua chipsi barabarani, mkanijadili wiki nzima kwamba mke wa mtu hapiki. Chipsi! Ningewaambia nimepigwa? Mlitaka malaika, nami nikapenda kuwa malaika. Kosa langu silikatai. Ila msiniambie mngenipokea."

Hapo kelele zikawa mbili. Nusu wanalia, nusu wanatafuta cha kurusha.

Katikati ya vurugu hiyo, Nasra alisema kitu. Alikisema ndani ya mtandio, kwa sauti ya mtu anayejisemea. Aliyekaa ubavuni mwake hakusikia. Shangazi Kibibi, upande wa pili wa ukumbi, nyuma ya spika, akasikia.

Akang'oa waya wa spika. Akachukua sufuria jipya, akaligonga kwa mwiko mpaka likabonyea.

"Nyamazeni! Mwali kasema neno."

"Kasema nini?"

"Atasema mwenyewe."

Akaketi mkekani, uso kwa uso na mtoto wa kaka yake. "Uliponiambia Fadhili kakubamiza vidole mlangoni, nilijiziba. Hukusema upepo, mimi ndiye niliyesema upepo. Leo nimekusikia. Rudia, na hawa wasikie."

Nasra akautoa mtandio usoni, watu wakiwa wanaangalia.

"Nimesema, ikiwa Bi Tulivu hakuweza, basi na mimi si lazima niweze. Simtaki Fadhili. Mrudishieni vyake."

Na vikarudishwa. Harusi haikuwepo.

Bila macho ya Shemsa, ile picha ingebaki kuwa msahafu. Bila mdomo wa Bi Tulivu, tungepata kashfa tu, mwali angeolewa vilevile na sisi tukaendelea kusengenya. Na bila masikio ya Shangazi, neno la Nasra lingefia ndani ya mtandio.

Sasa turudi ukumbini, kwenye tatizo. Kwa desturi yao, kufunda kukiisha, mama mzazi humpa mwali doti mpya ya kanga, naye humfunika mabegani yule aliyemfunda, mbele ya watu. Mama Nasra alikuwa hajawahi kuona shughuli kama hii, lakini desturi ni desturi. Akampa mwanawe doti.

"Mfunike aliyekufunda, mama."

Kelele upya.

"Shemsa! Ndiye aliyeona!"

"Shemsa alikuwa analipiza yake. Hakumkumbuka Nasra hata kidogo."

"Basi Bi Tulivu. Kajivua nguo mbele zetu."

"Baada ya kukamatwa! Na nani aliyewafundisha mabinti kunyamaza, si yeye?"

"Shangazi, jamani. Damu yake."

"Na posa ilikuja na upepo?"

Mmoja akapendekeza wagawane. Kanga doti moja ni vipande viwili, wao watatu, na kumpa mtu kipande kimoja ni tusi. Mwingine akasema Nasra ajifunike mwenyewe, vidole vilikuwa vyake. Akazomewa. Tangu lini mwali akajifunda?

Nasra amesimama na kanga mikononi. Shemsa anatazama chini. Bi Tulivu anafuta bega. Shangazi Kibibi anajifanya kuokota vijiko.

Na kabla hujafungua mdomo wako, lijue hili. Simu zote ukumbini ziko juu. Atakayefunikwa, kabla ya magharibi sura yake itakuwa kwenye profile za mji mzima, ataitwa mama wa wanyonge, na kesho mtu atamfuatilia kuona ananunua nini barabarani.

Haya, hakimu. Watatu hao mbele yako, kanga hiyo hapo. Ungekuwa Nasra, ungemfunika yupi, hali ukijua unachomtwika?