Jina la Mjukuu na Kufuli la Namba Zinazokufa

Hapo zamani, wala si zamani za majini na mazimwi, ni zamani hii hii yetu ya juzi, ya simu na bando linaloisha kabla hujamaliza kusema "haloo", palikuwa na mji mdogo uitwao Mkunguni. Mji una msikiti, una soko, una zahanati moja yenye nesi mmoja, Kidawa. Sogeeni karibu, na msinikatize. Mwishoni nitawauliza swali, na mtu asiniambie hakusikia.

Katika mji huo aliishi Bi Mwantumu, mjane, na binti yake Hadia. Mtoto wake ni huyo huyo tu, wengine aliwazika wangali wachanga. Kwa hiyo Hadia aliposhika mimba, Bi Mwantumu alifurahi na kuogopa kwa pamoja.

Sasa, zahanati ya Mkunguni nayo ilikuwa na maradhi yake: wizi. Dawa zikiletwa asubuhi, jioni huzioni. Iliyopendwa zaidi na wezi ni ile dawa ya kumkatia mzazi damu, inayokaa kwenye friji. Funguo zilichongeshwa, makufuli yakavunjwa, Kidawa akachoka kulalamika. Mpaka wakaja mabinti watatu wa pale pale Mkunguni, waliokwenda mjini wakasomea kompyuta: Arafa, Mwajabu na Chausiku. Wakasema, "Tutawatengenezea kufuli lisilo na ufunguo."

Wakakaa wakaandika programu, kwa lugha ya kompyuta iitwayo C. Lugha hiyo ina maneno machache na ukali mwingi. Ukisahau alama moja tu inakununia siku nzima. Kazi wakaigawa vipande vidogo vidogo, wakaviita visaidizi, kila kisaidizi na kazi yake moja. Huyu akaandika chake, huyu chake, na huyu chake.

Kufuli lenyewe lilikuwa hivi. Nesi amepewa kidude cha plastiki chenye kibonye. Akibonyeza, kinatoa namba ya tarakimu sita. Akiiandika kwenye mlango wa friji, mlango unafunguka, na namba ile inakufa hapo hapo, haifungui tena maisha. Kila akibonyeza inatoka namba mpya, na mlango kwa upande wake unajua ipi inafuata ipi, kama watu wawili wanaohesabu pamoja kimoyomoyo.

"Lakini dada Kidawa, usikichezee," Arafa akamwonya. "Ukibonyeza ovyo, kidude kitatangulia, mlango utabaki nyuma. Tumekubaliana sisi watatu, mlango utatazama mbele namba kumi tu. Zikizidi kumi, hivi viwili vimepoteana, mpaka sisi tutoke mjini tuje kuvipatanisha."

"Nimesikia," akasema Kidawa. Na kusikia alisikia kweli.

Haya. Ikafika Ijumaa moja. Kijana mmoja mwuza dawa za magendo alikuwa ameingia zahanati, akasimama nyuma ya Kidawa akijifanya anasoma bango la malaria, kumbe anakariri namba anayoiandika nesi mlangoni. Watu walipokwenda msikitini, akarudi akaiandika vile vile alivyoiona. Mlango kimya. Akaiandika tena, safari hii kwa nguvu, utadhani mlango ni kiziwi. Hapo ukapiga yowe! Kijana alitoka mbio akaacha kandambili moja, na mji mzima uliijua kandambili ile ni ya nani. Ndani ya friji kilikuwa kimebaki kichupa kimoja tu cha ile dawa, na kikabaki salama.

Keshokutwa yake asubuhi, uchungu ukamshika Hadia.

Bi Mwantumu alimfikisha zahanati mbio mbio, kanga ameifunga upande, tasbihi ameisahau nyumbani. Akaketi kwenye benchi nje ya chumba cha kuzalia. Kidawa naye alikuwa pale akipanga vitu vyake. Hadia akamwita toka ndani, naye akaingia, kidude akakiacha kwenye benchi.

Mnazijua zile tasbihi za kisasa wanazokuja nazo mahujaji? Kidude cha plastiki, kina kibonye, kina kioo; ukitaja mara moja unabonyeza, namba inapanda. Bi Mwantumu alizijua, jirani yake anayo. Akakiona kidude. "Alhamdulillahi," akasema, "nesi huyu ana moyo. Kaniachia tasbihi yake."

Akaanza. "Subhanallah." Akabonyeza. Laki tano na themanini na moja elfu! "Ama! Tasbihi gani hii isiyoijua moja?" Akabonyeza tena, ikatoka namba nyingine isiyo mbele wala nyuma. Mwingine angeacha. Bi Mwantumu alisema, "Hesabu anaijua Mola mwenyewe," akahesabu kwa pingili za vidole na kibonye akaendelea kukibonyeza, maana kidole kilitaka kazi.

Mara akasikia mtoto analia. Yarabi, furaha aliyoipata! Akainuka kupiga kigelegele, na kigelegele hakijatoka, Kidawa akachomoza mlangoni, glavu zimelowa damu.

"Mtoto wa kike, mzima. Lakini mama damu haikatiki. Kidude changu kiko wapi?"

Bi Mwantumu akanyoosha mkono, nacho kiko kiganjani.

"Bibi! Umekibonyeza?"

"Nilikuwa namwombea mwanangu."

"Mara ngapi, bibi yangu?"

"Subhanallah nimemaliza. Alhamdulillah nimemaliza. Allahu Akbar nilikuwa katikati."

Kidawa akajishika kichwa. Kila uradi mmoja ni thelathini na tatu. Hesabu fanyeni wenyewe. Na mlango, aliambiwa, unatazama mbele kumi. Bi Mwantumu aliusoma uso wake, akaketi sakafuni pale pale. "Nimemuua mwanangu," akasema. "Nimemuua kwa dua."

Kidawa akakimbilia kwenye friji. Akabonyeza mara moja. Kioo kikaonyesha 004817. Akaiandika hivyo hivyo, na sifuri zake mbili za mbele, bila tumaini, kwa kuwa hakuwa na jingine la kufanya. Mlango ukanyamaza. Bi Mwantumu akafumba macho. Mlango ukanyamaza bado, halafu, kla! Ukafunguka.

Sindano ikapigwa. Damu ikapungua, ikapungua, ikakatika. Ilipofika adhuhuri Hadia aliomba uji, akauonja, akalalamika kwamba hauna sukari. Bi Mwantumu alilia kwa furaha. Alisema hajawahi kusikia lalamiko tamu kama lile tangu azaliwe.

Siku ya saba, mtoto akanyolewa, pilau likapikwa. Na Mkunguni kuna desturi: mtoto ambaye mama yake aliponea chupuchupu, hupewa jina la aliyemwokoa mama huyo. Bibi mzaa mama ndiye humnong'oneza jina sikioni, na jina ni moja. Mila haitaki mawili, na likishatamkwa halirudi. Mabinti watatu wakaalikwa, wakaja na kanga za zawadi. Bi Mwantumu akawashika mikono mmoja mmoja.

"Wanangu," akasema, "mmenirudishia binti yangu. Sina shukrani inayotosha. Nina jina moja tu la kutoa. Niambieni, nimwite nani?"

Kidawa akawahi. "Mimi nitoeni. Niliyeacha kidude kwenye benchi ni mimi, jina langu liacheni lipumzike." Watu wakacheka.

Arafa akasema, "Bibi, kama ni haki, ni mimi. Kisaidizi kinachoiua namba iliyokwisha kutumika nimekiandika mimi. Ijumaa ile mwizi alikuja na namba sahihi kabisa, ila imekufa. Isingekufa, mngefungua friji mkute baridi tupu. Tena mimi niliandika kile tulichokubaliana, sikuzidisha sikupunguza." Hapo akamtazama Mwajabu. "Mwenzangu hapa, sijui."

Mwajabu akainama kidogo, halafu akainua uso. "Kweli. Kisaidizi cha kutazama mbele ni changu. Tulikubaliana kumi, mimi nikaandika mia, na sikumwambia mtu."

"Unaona!" Arafa akaruka. "Mia! Huko ni kumpa mwizi nafasi ya kubahatisha mara kumi zaidi. Ulituficha, shoga."

"Niliwaficha, na ningewaficha tena. Nyinyi mlifikiria wezi peke yao. Mimi nyumbani nina bibi anayebonyeza kila chenye kibonye, nikajua Mkunguni nzima ina mabibi. Arafa, kumi yako ingemwacha Hadia nje ya mlango. Dawa ipo ndani, salama salimini, na yeye anakufa hatua chache kutoka hapo. Ningeitimiza ahadi yetu, leo tungekuwa tunakula pilau la hitima."

 Arafa akasogeza sahani yake pembeni.

Chausiku, aliyekuwa bado na tonge mkononi, akasema, "Na sifuri je? Mmezisahau? Kompyuta ikiachiwa yenyewe, sifuri za mbele huzimeza. Kioo kingeonyesha 4817, tarakimu nne, na mlango unataka sita. Kisaidizi cha kuzirudisha nilikiandika mimi, mstari mmoja, na nyie wote wawili mlinicheka. Mkasema namba ya namna hiyo haitatokea."

"Lakini dada," akasema Mwajabu, "ilikuwa bahati tu. Bi Mwantumu angebonyeza mara moja zaidi, sifuri zisingekuwepo, na mstari wako usingehitajika."

"Bahati ni ya namba. Mstari nilikwisha kuuandika kabla ya hiyo bahati."

"Ni kweli," Arafa akakiri, na safari hii sauti yake ilikuwa ya upole. "Tulimcheka, kumbe yeye ndiye aliyekuwa sahihi." Akamkumbatia Chausiku, kisha Mwajabu pia, ingawa huyu kwa kumfinya kidogo.

Mzee mmoja akashauri jina apewe mmoja sasa, na hao wawili wangojee watoto watakaofuata. "Watoto gani, babu?" Hadia akauliza kutoka kitandani. "Niacheni kwanza mimi nipate kukaa sawasawa!" Watu wakacheka mpaka pilau likawapalia.

Bi Mwantumu hakucheka. Alimpakata mjukuu wake, akamtazama Arafa aliyetimiza ahadi na kuilinda dawa. Akamtazama Mwajabu aliyevunja ahadi, na kwa kuvunja akamfungulia Hadia mlango. Akamtazama Chausiku aliyefanya kazi ndogo kuliko zote, ambayo bila hiyo zile kubwa mbili zisingefaa kitu. Wote watatu aliwapenda, na moyo ulimuuma kwamba shukrani yake ilikuwa na nafasi ya mtu mmoja.

"Mama," Hadia akamwambia taratibu, "mpe jina la yeyote utakayemwona anafaa. Jina lolote utakalompa, mimi nipo wa kumwita."

Bi Mwantumu akafuta machozi kwa ncha ya kanga, akainamisha mdomo mpaka sikioni mwa mtoto, na nyumba nzima ikaacha kutafuna ili isikie.

Haya, jamaa zangu, nyinyi ndio Bi Mwantumu sasa, na mtoto yuko mikononi mwenu. Mnamnong'oneza jina la nani?