Kiboko na Orodha ya Mchwa

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa kilima na mwenye kukitaka!
Na mwenye kukikalia je?
Huyo ndiye ninayemleta. Sogeeni. Na wewe unayetafuna karanga, tafuna polepole, mwenzio anasikiliza.

Hapo kale wanyama wa Bonde walikuwa na halmashauri yao, na mwenyekiti wake alikuwa Kiboko. Kwa nini Kiboko? Kwa sababu siku ya uchaguzi alikalia sanduku la kura, na hakuna aliyeweza kumwinua. Karani alikuwa Korongo, miguu myembamba, shingo ndefu, anayeipenda sheria kuliko chakula. Na juu ya Kilima Mawe, ndani ya ufa wa jiwe, alikaa Bi Pimbi, mjane, na wanawe watatu aliowazaa wiki ileile ya kisa hiki. Pimbi mnamjua. Ni mdogo, mkia hana. Ulimi anao.

Basi asubuhi moja Pimbi akatoka kuota jua, akakuta alama ya X kwenye jiwe lake. Nyekundu, kubwa, udongo bado mbichi. Akatazama jiwe la pili: X. Akatazama mti: X. Akatazama kichuguu cha mchwa: X. Moyo ukampiga pu, pu, pu. Akashuka mbio, tifu tifu tifu, mpaka kwa Korongo.

Korongo aliona haya kumwambia, lakini alimwambia. Halmashauri ina mpango wa makazi bora. Kilima kitasawazishwa, vitapimwa viwanja thelathini, zitajengwa nyumba za kisasa. Pimbi akauliza nani atakaa humo. Korongo akafungua karatasi, akasoma. Kiwanja namba moja, Kiboko. Namba mbili, mke wa Kiboko. Namba tatu, shemeji wa Kiboko. Namba nne, Kiboko tena. Hapo akaikunja karatasi, mengine akaona hayana haja.

Pimbi akasema mbona hawakuambiwa. Korongo akajibu kwamba tangazo limebandikwa siku arobaini, kama inavyotakiwa. Limebandikwa wapi? Chini ya mto, penye kina, kwenye jiwe analolalia Mheshimiwa. Mwenye pingamizi alikaribishwa kwenda kulisoma. Na kesho ndiyo siku ya mwisho, mhuri unagongwa.

Pimbi akalia kidogo. Halafu hasira ikamkausha machozi. Alimzika mama yake kilimani pale, na wanawe hawajajua hata kuruka jiwe. Akafuta pua.

"Mzee Korongo," akasema, "hiyo sheria inasemaje juu yetu sisi tuliomo?"

Korongo akanyoosha shingo. Miaka yote ya ukarani hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo, na alikuwa nalo jibu, limejaa vumbi. Akasema kikao cha mwisho sharti kifanyike juu ya ardhi yenyewe, tena mchana, watu waonane. Kila kaya iliyomo isomwe jina, nayo iitike. Ikibaki hata moja haijasomwa, mhuri haugongwi. Na mwenyekiti akinyanyuka kitini kabla orodha haijaisha, kikao kimevunjika mpaka atakaporudi. Hicho kifungu cha mwisho alikitunga Kiboko mwenyewe, enzi zile Nyani alipokuwa mwenyekiti, kwa kuwa Nyani alikuwa akitoroka vikaoni kwenda kula ndizi.

"Na kaya ni nani?" akauliza Pimbi.

"Yeyote mwenye mlango."

Pimbi akashukuru, akaondoka, tifu tifu tifu. Nyumbani hakwenda. Alikwenda moja kwa moja kwenye kichuguu, akagonga, ko ko ko. Malkia wa Mchwa akaitika kutoka ndani, akasema aseme alichonacho kwa haraka, yeye yuko katika kuzaa. Pimbi akamweleza yote. Malkia akasema yeye yuko tayari, ila wanawe ni wengi na hajawahi kuwapa majina.

"Bibi, basi wape leo," akasema Pimbi. "Na kila mmoja atoboe mlango wake."

Kutwa nzima kichuguu kikavuma, kwaru kwaru kwaru, milango inatobolewa. Jua lilipokuchwa Pimbi akampelekea Korongo orodha, majani matupu yaliyotafunwa maandishi, mzigo umemfunika mpaka miguu haionekani.

Asubuhi Kiboko akapanda kilima. Gu! Gu! Gu! Kichuguu kikatikisika. Akaketi kitini akiwa bado anachuruzika maji ya mto, akatoa mhuri, akasema kaya ni tatu tu, kwa hiyo tusipotezeane muda. Korongo akakohoa. Akasema orodha imeongezeka kidogo.

Akaanza kusoma.

"Mchwa Mtafuna Mlango."
"Nipo."
"Mchwa Mtafuna Dirisha."
"Nipo."
"Mchwa Mtafuna Kizingiti."
"Nipo."

Kiboko akacheka mpaka tumbo likatikisika. Akauliza tangu lini mchwa wakawa wananchi. Korongo akamwonyesha kifungu. Kiboko akaacha kucheka, akasema haya, soma upesi.

Jua likafika mabegani. Korongo anasoma, mchwa anaitika. Maji ya mto yakakauka mgongoni kwa Kiboko. Jua likafika utosini. Korongo anasoma, mchwa anaitika. Jasho jekundu likamtoka Kiboko, ngozi ikaanza kulia, kwa! kwa!, kama chungu kilichosahauliwa motoni. Na Pimbi? Pimbi amejilaza chali juu ya jiwe, anaota jua. Nyinyi hamkujua kwamba pimbi na jua ni ndugu? Kiboko naye hakujua, maana hajawahi kukaa mchana mmoja kilimani anakotaka kujenga.

Kiboko akaomba wasome kwa jumla. Korongo akasema sheria haina jumla. Akaomba aletewe maji. Korongo akasema kikao hakileti maji, mwenye kiu hunyanyuka akayafuata. Basi akainamisha kichwa kikubwa kile mpaka sikioni kwa Pimbi, akamnong'oneza kwamba kuna kiwanja cha thelathini na moja, kidogo, karibu na mtaro, kinamfaa mjane mwenye watoto. Amalize hii michezo.

Pimbi akaketi. Alimwogopa, nisiwadanganye. Meno ya Kiboko yalikuwa marefu kuliko yeye. Lakini akasema kwa sauti, kila mtu asikie.

"Mheshimiwa, kiwanja ninacho. Nakikalia sasa hivi. Nimekuja kuitwa jina niitike, na jina langu ni la mwisho."

Kilima kizima kikavuma, "Tupo!" Kiboko akatazama orodha: kitita kilichosomwa kinajaa kiganja, kitita kilichobaki kinamfika magotini. Ngozi ikapasuka, kwaa! Akavumilia jina moja. Akavumilia la pili. La tatu likamshinda. Akanyanyuka, akaporomoka kilima chote, gu gu gu gu, mpaka mtoni. Tumbwii!

Korongo akatazama kiti kitupu. Akaandika: kikao kimevunjika, mwenyekiti akirudi tutaendelea tulipoishia.

Kiboko hakukataa, alisema atarudi orodha ikipungua. Ndiyo maana mpaka leo mchana mtamkuta amezama mtoni, masikio tu yako nje. Anasikiliza kama wamemaliza. Hawajamaliza. Malkia anazaa, Korongo anaandika.

Hadithi yangu nimeitua chini, mwenye kichwa kizima ajitwike.

Na funzo lake ni hili, mshike vizuri: mkubwa akileta mpango, msiulize. Msiulize umebandikwa wapi, msiulize viwanja ni vya nani, msiulize sheria inasemaje. Mwenye kuuliza hafiki mbali. Mtazameni Pimbi, aliuliza, na mpaka leo yuko palepale.

Mmenisikia?
Tumekusikia.
Basi mkubwa akija na karatasi yake, mtauliza?
Tutauliza!