Halua ya Zimwi

Sogeeni, wasikivu wangu, ngano iko jikoni.

Zimwi alimteka Raya, binti wa Bi Mize mpika halua. Akamwambia mama: "Nipikie halua. Nikikuta donge moja, namla mwanao."

Bi Mize akawasha moto, akashika mwiko. Halua ikiachwa kidogo tu hufanya madonge, ndiyo maana kwao anayeisonga haitwi.

Zimwi akajificha nyuma ya ua, akaita kwa sauti ya jirani: "Shoga, mbuzi wako anakula mihogo!" Bi Mize akasonga.

Akaita tena: "Shoga, harusi inapita! Bibi harusi kavaa viatu vya mumewe!" Bi Mize akacheka, akasonga.

Mara ya tatu ikaja sauti ya Raya: "Mama, nimetoroka! Nifungulie!" Bi Mize akaukaza mwiko. Akasonga.

Zimwi akaila halua yote akitafuta donge. Hakuliona. Akamwachia Raya.

"Mama, aliiga sauti yangu. Ulijuaje kuwa si mimi?"

"Wewe hujapata kuniita nikiwa na mwiko. Ungeruka ua, ukachochea kuni."

Kesho yake Bi Mize akashika mwiko tena. Raya akaja kimya, akachochea kuni.

Sufuria nimeipua; mwenye kuonja na aonje.