Manjano ya Benitha Hayachubui Mtu

Bidhaa njema haina haja ya kupigiwa debe. Mnunuzi huitafuta mwenyewe, hata ikiwa imefungwa kwenye karatasi ya daftari. Bidhaa mbovu ndiyo husifiwa kutwa kucha na kuzungushwa mlango hadi mlango. Wahenga walilisema hilo kwa maneno machache, na anayedhani walikosea na asikilize yaliyotokea Nakivale.

Katika makazi hayo ya wakimbizi, mwendo wa saa chache kutoka mji wa Mbarara, Uganda, aliishi msichana wa Kinyamulenge aitwaye Benitha, pamoja na mama yake, Nyirabizimana. Walikuwa wametoka milima ya Kivu ya Kusini, Kongo. Nyuma ya nyumba yao Benitha alilima manjano. Aliyachimba, akayachemsha, akayakata vipande na kuyaanika juu ya turubai, kisha akayatwanga na kuyachekecha hadi yakawa laini kama poda ya mtoto. Wanawake waliyachanganya na maziwa ya mgando, maana Wanyamulenge ni wafugaji, na mfugaji hakosi maziwa, wakajipaka usoni ili kutuliza chunusi.

"Jaribu kwanza ku mukono," Benitha alimwambia kila mteja bila kupepesa macho. "Ku uso, dakika kumi tu, halafu unawe. Na haitakufanya mweupe."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomponza. Kwa watu wake, msichana mwenye rangi ya maji ya kunde huitwa inzobe, na kuna mama asiyelala usingizi mpaka binti yake aitwe hivyo kabla ya kuolewa. Kwa hiyo wateja wengine waliyaacha manjano usoni hadi asubuhi. Wakiamka mashavu yana umanjano, walijitazama kwenye kioo wakidhani weupe umeanza kuingia. Benitha aliwacheka waziwazi, akawaambia kuwa hilo ni doa tu, sawa na doa la mchuzi kwenye shati. Wakanuna.

Ndipo akaja Gradi. Huyu alikuwa mchuuzi mwenye ulimi wa asali, aliyezunguka soko zima na kipaza sauti begani akiuza krimu katika vikopo vyeupe visivyo na jina.

"Siku saba! Siku saba tu unakuwa inzobe!" alinguruma kutwa.

Wanawake wakamfuata, na meza ya Benitha ikabaki na nzi. Nyirabizimana akaanza kuingiwa na hofu.

"Mwanangu, batu banataka rangi," alimwambia jikoni. "Tia kijiko kimoja tu cha ile krimu mu manjano. Nani atajua?"

"Mie nitajua, Mama. Hata tulale njaa, sitatia."

Akabeba gunia lake hadi Mbarara, kwenye saluni moja ya mtaa wa Nyamityobora. Mwenye saluni, mwanamke wa pale pale aitwaye Kembabazi, aliyanusa manjano, akayasugua kidogo kwenye kiganja.

"Nyabo, hii ni mzuri sana," alisema. "Lakini kastoma yangu anataka kuwa mweupe haraka. Wewe changanya na kitu, alafu mimi nachukua gunia yote."

"Basi hii haiko yako," Benitha akajibu, akafunga gunia.

Alirudi Nakivale na mzigo ule ule. Hakulia. Alikuwa na hasira, na mimi namsifu kwa hasira hiyo, kwa kuwa wengi wetu tungekwisha kutia kijiko.

Siku chache baadaye balaa likazuka. Isimbi, binti wa jirani aliyekuwa ameshachumbiwa, aliamka uso umevimba na ngozi inamenyeka kama ya mtu aliyeungua. Juu ya mashavu hayo kulikuwa na umanjano. Baba yake, Musoni, alipouona umanjano hakuuliza la pili. Akamshika binti mkono hadi mbele ya kamati ya soko.

"Manjano ya Benitha njo imemuunguza mutoto wangu!" alifoka. "Atoke mu soko!"

Soko lote likakusanyika. Gradi alisimama mbele kabisa, akitikisa kichwa kwa huruma ya mamba. Muhirwa, mwenyekiti wa kamati, akatangaza kuwa kosa likithibitika Benitha atanyang'anywa meza, na manjano yake hayatauzwa tena Nakivale. Nyirabizimana akajishika kichwa. Hawakuwa na riziki nyingine.

"Ulijipaka nini, mwanangu?" Muhirwa akamuuliza Isimbi.

"Yote mbili," Isimbi akanong'ona. "Manjano, na krimu juu yake."

"Krimu yangu iko safi, inatoka Ulaya!" Gradi akadakia. "Ile majani ya mu shamba njo sumu."

Mwanamke mmoja akapaza sauti, "Kama manjano iko dawa ya kweli, amupake Isimbi hapa hapa, tuone kama atapona!"

Watu wakashangilia. Ulikuwa mtego, na pia ulikuwa mlango wa kutokea. Angepaka kidogo, akasema maneno matamu, wengi wangeridhika. Benitha akautazama uso wa Isimbi, akatingisha kichwa.

"Hapana. Fasi ya ngozi imechubuka hivi haipakwe manjano. Inataka munganga. Mumupeleke ku kituo cha afya sasa hivi, muniachie mie kesi yangu."

"Anaogopa!" wakazomea.

"Naogopa?" Benitha akageuka. "Mama, nipe maziwa."

Akachukua pakiti kutoka mezani pake, akaikoroga na maziwa mbele ya macho yao, akajipaka uso mzima, toka paji hadi kidevu. Kisha akajipaka na shingoni.

"Hii njo yangu. Nitakaa nayo hapa mpaka mumalize kunihukumu. Sasa wewe, Gradi, fungua kikopo chako. Jipake wewe kwanza."

Gradi akacheka kicheko kikavu. "Ile iko ya banawake."

"Sawa. Muke wako ni ule pale. Mupake."

Macho yote yakamgeukia Liliane, mke wa Gradi, aliyekuwa akipanga vikopo kwenye boksi. Alikuwa mweusi tii, na ngozi yake haikuwa na baka hata moja. Gradi akamkazia macho ya onyo. Liliane akautazama uso wa Isimbi, akakiweka chini kikopo alichokishika.

"Mie?" alisema. "Toka alianza kuuza, alinikataza hata kuigusa. Alisema itaniharibu."

"Nyamaza!" Gradi akafoka.

"Sitanyamaza, ona uso wa mutoto wa batu! Munaonaka ngozi yangu, munafikiri inatoka wapi? Ni manjano ya Benitha. Gradi mwenyewe njo anatumaka mutu kuninunulia."

Soko likaangua kicheko ambacho Gradi hatakisahau. Alijaribu kuinua kipaza sauti, lakini hapakuwa na aliyetaka kumsikiliza. Muhirwa akaamuru vikopo vyote vikabidhiwe polisi na mwenye navyo aandamane navyo. Musoni akamsogelea Benitha, akaanza kuomba msamaha.

"Msamaha kesho, Baba," Benitha akamkatiza, manjano yakimkaukia usoni. "Leo mutafutie mutoto pikipiki aende kwa munganga."

Musoni akakimbia kutafuta pikipiki. Walipoondoka, Benitha akanawa, akarudi nyuma ya meza yake na mashavu ya manjano, hakumwita mtu. Wanawake wakaja wenyewe, na mbele yao alikuwa Liliane, kwa mara ya kwanza akijinunulia kwa mkono wake. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.