Ncha ya Pipeti

Mwalimu Chandrakant alikuwa ameshalivuka lango la shule, na hakugeuka nyuma. Kwa mkono mmoja alibeba mkoba wa bintiye, Kalpana, na kwa wa pili alimshika Kalpana mwenyewe kama mtu anayevusha mtoto barabara, ingawa binti alikuwa na miaka kumi na mitano na alimzidi baba yake kimo. Mvua ya London ilikuwa ikinyunyiza, ile isiyonyesha wala isiyoanuka. Nyuma yao mwalimu mkuu alikuwa bado mlangoni, akiita, "Bwana Chandrakant! Tafadhali, rudi tuzungumze!"

"Baba, koti langu limebaki darasani," Kalpana alinong'ona.

"Liache. Watamvika huyo wanayemtaka."

Chanzo cha ugomvi kilikuwa hiki. Walifika kutoka Unguja mwaka elfu moja mia tisa na sabini, wakapanga Kingsbury, na shule ya mtaani ikamweka Kalpana pamoja na watoto wadogo, ati mpaka Kiingereza chake kinyooke. Binti aliyekuwa akiongoza darasa kwao akapewa kitabu chenye picha ya paka na mpira. Baba mtu alipokiona kitabu hicho, damu ilimchemka. Yeye alikuwa amefundisha darasa la kwanza hadi la nne Unguja miaka na miaka. Nusu ya makarani wa mji walijifunza kujumlisha mbele ya rula yake. Basi alimwambia mwalimu mkuu kwamba mtoto atasoma nyumbani, ataingia chuo kikuu kusomea ufamasia, na atakayemfikisha huko ni baba yake, peke yake. Jioni akayarudia maneno hayo kwenye duka la vyakula la Alnashir, watu wakiwa wamejaa tele. Maji yakishamwagika hayazoleki.

Mwanzoni mambo yalikwenda kama maji mtoni. Mwalimu alipaka rangi nyeusi mlango wa kabati la nguo ukawa ubao. Asubuhi alifunga tai na kufundisha sebuleni. Jioni alivua tai akaenda kufungasha biskuti kiwandani. Afisa wa elimu alikuja kukagua, akaiona tai, akaona ubao, akanywa chai ya mkewe Lila, akaenda zake ameridhika. Kalpana alipofanya mitihani ya kidato cha nne alifaulu yote. Mwalimu Chandrakant akavimba kama andazi lililozidi hamira.

Kisha ikaja kemia. Ufamasia hauingiliki bila kemia ya kidato cha sita, na Mwalimu Chandrakant hakuwahi kuisoma kemia hata siku moja. Alinunua vitabu kuukuu, akawa anavisoma kiwandani wakati wa mapumziko ya chai. Alikuwa mbele ya mwanafunzi wake kwa ukurasa mmoja tu, na siku nyingine hata huo haukuwapo. Hakumwambia mtu.

Na mtu wa kumwambia alikuwapo. Mardhiya, binti wa Kiunguja aliyesoma darasa lake utotoni, alikuwa mhadhiri wa kemia katika chuo cha jioni, safari ya basi moja tu kutoka Kingsbury. Siku moja walikutana dukani, Mwalimu akichagua mihogo.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba, Mardhiya. Hujambo mwanangu?"

"Sijambo. Nasikia Kalpana yuko kidato cha sita. Kemia anaendeleaje? Hana haja ya chochote?"

Alnashir akadakia kutoka nyuma ya mizani, "Haja gani? Mwalimu wetu ni chuo kizima! Kesho utasikia anapasua watu kwa operesheni hapo sebuleni!"

Watu wakacheka. Mwalimu Chandrakant akaushika muhogo kwa nguvu. Angewezaje, mbele ya kadamnasi ile, kumwomba kemia mtoto aliyemfundisha kusoma saa?

"Tuna kila kitu," alisema.

"Alhamdulillahi," Mardhiya akajibu. Alimtazama kidogo, kama mtu mwenye neno, kisha akalimeza akalipia dengu zake.

Ikafika mada ya pipeti. Pipeti ni bomba jembamba la kioo. Siku zile mtu aliweka mdomo juu yake akavuta dawa kutoka kwenye chupa mpaka ifike mstari uliochorwa, ndipo akaipima. Mwalimu aliichora kwenye kabati, akaeleza kama kitabu kilivyoeleza. Kalpana akauliza, "Baba, wakati wa kuvuta, ncha ya chini ikae wapi? Izame kabisa, au iguse juujuu?"

Kitabu hakikusema.

"Popote," Mwalimu akajibu. "Si muhimu."

"Wewe ulipokuwa ukiishika, uliiweka wapi?"

Mwalimu akaligeukia kabati, akaanza kufuta mahali ambapo hapakuwa na maandishi. "Popote, nimesema. Maisha yako yote utauliza vijiswali vidogovidogo?"

Binti akainamisha kichwa. "Samahani, Baba."

Majira ya kuchipua mwaka elfu moja mia tisa sabini na tatu, chuo kikuu kiliahidi kumpa Kalpana nafasi, mradi afaulu kemia. Mtihani ulikuwa na sehemu ya maabara, na watahiniwa wa nyumbani walitakiwa kutafuta kituo cha kuufanyia. Kituo cha karibu kilikuwa chuo cha Mardhiya. Mwalimu alimwandikisha binti yake Croydon, upande wa pili kabisa wa London, akamwambia Lila kwamba huko ndiko kuna hewa nzuri.

Siku ya mtihani alimngojea Kalpana nje, juu ya benchi, na chupa ya chai mapajani. Hata hajaifungua akamwona binti anatoka peke yake, kiganja mdomoni.

"Umemaliza mapema hivi! Nilisema mimi!"

Kalpana akaondoa kiganja. Midomo na ulimi vilikuwa vimepiga weusi, kama mtoto aliyeiba zambarau.

"Nimekunywa pamanganeti, Baba, ile dawa ya urujuani. Nilikuwa naivuta, ikaruka ikaingia kinywani. Nikaitema juu ya meza, juu ya karatasi ya mwenzangu." Alipumua. "Mvulana mmoja akasema nimedhani ni sharubati. Wamecheka wote. Nikajaribu tena, pipeti ikaniponyoka ikavunjika."

"Labda pipeti yao ilikuwa mbovu."

"Ncha ilitoka kwenye dawa. Ikitoka, unavuta hewa, na dawa inapanda yote kwa mara moja. Lazima izame muda wote. Msimamizi ameniambia, hilo hufundishwa siku ya kwanza."

Aliyasema kwa upole, bila kulaumu, na upole huo ukamchoma baba yake kuliko matusi. Ndani ya treni Kalpana alijifunika mdomo kwa upindo wa sweta. Mwalimu Chandrakant alisoma matangazo ya juu ya madirisha, akayarudia, akayarudia, asipate kujua yanauza nini. Abiria mmoja alipomwangalia binti, baba ndiye aliyeinamisha macho. Soni ilimpanda kutoka kisogoni hadi masikioni. Alitamani ardhi ipasuke, lakini treni ilikuwa inapita juu ya daraja, na ardhi ilikuwa mbali.

Lila alikuwa akisukuma chapati walipoingia. "Baba Kalpana, mtoto kala nini?"

Wakamweleza. Akaweka kijiti cha kusukumia chini.

"Na Mardhiya? Si anaifundisha hiyo kemia, hapa hapa? Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia tuna kila kitu."

"Loo! Ukaona haya akufundishe kushika kijibomba cha kioo. Haya basi, haya zako zimetokea kinywani mwa mwanao, na Croydon nzima imeziona."

Kesho yake Mwalimu hakufunga tai. Alipanda basi mpaka Neasden, akabisha mlangoni kwa Mardhiya, na alipofunguliwa hakungoja hata kukaribishwa.

"Mardhiya, mimi kemia siijui. Sijapata kuijua. Nimemwangusha mtoto."

Mardhiya akajifuta mikono kwa kanga. "Najua, Mwalimu."

"Unajua?"

"Wewe ulitufundisha hesabu na jiografia, na ulitufundisha vizuri. Kemia ungeitoa wapi? Nilijua siku ile dukani, nikangoja useme. Ningelianza mimi, ningelikuvunjia heshima mbele ya watu, na wewe ndiye uliyenishika mkono nikaandika jina langu." Akasogea kando. "Darasa la jioni lilikuwa na nafasi, miaka yote miwili. Nafasi ipo hata sasa. Ingia ndani, usisimame mvuani."

Aliingia, akaketi kwenye ncha ya kiti. Kumbe alichokifunika kwa mikono miwili kilikuwa wazi muda wote. Aliyekuwa hakioni ni yeye mwenyewe. Chai aliyopewa ilipoa asiinywe.

Kalpana alifeli kemia, na nafasi yake chuoni akapewa mwingine. Alisoma mwaka mmoja jioni kwa Mardhiya, akafaulu, lakini chuo kile hakikumtaka tena. Akaenda kingine, kaskazini, kwenye baridi zaidi. Akawa mfamasia Leicester, akaolewa huko huko. Mardhiya aliwafuata ndugu zake Maskati. Alnashir aliuza duka akahamia Stanmore, na kisa cha sharubati alikisimulia hadi akafa. Lila aliupaka rangi nyeupe mlango wa kabati. Mwalimu Chandrakant alifungasha biskuti mpaka akastaafu, na hakumfundisha mtu tena. Kila Jumapili binti yake alimpigia simu, akamuuliza miguu inaendeleaje na kama amekula. Swali linalohitaji elimu hakumuuliza tena.

Alikuwa na mtoto mmoja na aibu moja. Akaifunika aibu, mtoto akaumbuka. Hukumu yake ilikwisha katwa zamani: mficha uchi hazai.